Kadi ya bima haitamwinua mzee kitandani

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na zaidi baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuahidi kwenye kampeni za mwaka 2025 kwamba utekelezaji ungeanza ndani ya siku 100 huku wazee wakiwa kati ya makundi ya kutangulizwa, mjadala wa afya ya wazee nchini umekuwa mjadala wa kadi. Nani ataipata, nani atailipia, hospitali zipi zitaipokea, na mzee wa kijijini asiye na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) atafanyaje. Maswali hayo ni ya haki na yanastahili majibu. Ila yamejenga imani kwamba kinachomtenganisha mzee na uzima wake ni fedha ya matibabu tu, na kwamba fedha ikipatikana mengine yatajipanga yenyewe. Nimonia ya wazee inaonyesha kwa nini imani hiyo ni ya hatari.

Hoja yangu ni kwamba kwa ugonjwa huu kadi itamfikisha mzee wodini, lakini kitakachoamua kama atatoka akitembea ni mambo madogo yanayofanyika au yasiyofanyika pembeni ya kitanda chake: kuhesabiwa pumzi, kuinuliwa kichwa, kupigwa mswaki, kulishwa taratibu, kukalishwa kwenye kiti, kuwekewa oksijeni saa anayoihitaji. Mengi kati ya hayo hayaombewi malipo kwenye fomu za bima. Tukiiendesha bima hii bila kuligusa hilo, tutakuwa na mfuko unaonunua dawa za bei kubwa kutibu nimonia ambayo sehemu yake imetokana na wodi zenyewe.

Kwetu nimonia ina sura ya mtoto mchanga. Mabango yana mtoto, kampeni zina mtoto, na Siku ya Nimonia Duniani, iliyoanza mwaka 2009 na sasa huadhimishwa kila Novemba 12, ilizaliwa kwa ajili ya mtoto. Hilo lilikuwa sahihi na limeokoa maisha mengi. Lakini tazama makadirio ya dunia ya mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya njia ya chini ya hewa, ambayo kwa kiasi kikubwa ni nimonia: kati ya vifo takriban milioni 2.4, watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa kama 650,000, na watu wa miaka 70 na kuendelea walikuwa zaidi ya milioni moja. Vifo vya watoto vimeendelea kushuka tangu hapo, na idadi ya wazee duniani inaongezeka. Mzigo wa ugonjwa umehama, na fikra zetu hazijahama nao.

Matokeo yake huonekana mapema, hata kabla mzee hajafika hospitali. Nimonia ya mzee mara nyingi haiji na homa kali, kikohozi na kichomi cha ubavuni kama tulivyozoea. Mzee anaacha kula. Anaanguka akienda chooni. Anaanza kuwaita wajukuu kwa majina ya watu waliokwishafariki. Nyumbani watasema malaria imepanda kichwani, au presha, au wengine watatafuta mkono wa mtu. Atapimwa malaria, ataambiwa ana UTI, atapewa vidonge, na siku mbili tatu zitapita. Wakati huohuo dalili ambayo ingeweza kumwokoa ipo wazi na kuisoma hakuhitaji maabara: anahema haraka. Tangu mwaka 2003 madaktari wamekuwa wakitumia kipimo rahisi cha ukali wa nimonia kinachotazama kuchanganyikiwa, kasi ya pumzi kufikia 30 kwa dakika, kushuka kwa presha na umri wa miaka 65 au zaidi. Hospitali yenye maabara huongeza kipimo cha yurea kwenye damu. Zahanati isiyo na chochote ila saa ya ukutani na mashine ya presha inaweza kufanya hayo mengine yote. Kinachokosekana ni mazoea ya kukaa dakika nzima ukihesabu kifua cha mzee kinavyopanda na kushuka.

Sasa njoo wodini, kwa maana huko ndiko ninakotaka tukae. Mdomo usiosafishwa kwa siku chache hujaa bakteria. Mate yenye bakteria hao huteleza kidogo kidogo kuelekea mapafuni mtu akiwa usingizini, na hutokea hata kwa mtu mwenye afya. Kijana atakohoa na mapafu yake yatajisafisha. Mzee aliyepata kiharusi, au aliyevunjika nyonga na analala chali kutwa, au aliyelegezwa na dawa za maumivu, hana kikohozi cha kutosha wala mwili wa kupambana. Kwa njia hiyo mtu aliyelazwa kwa mguu anakufa kwa mapafu.

Nilipokuwa nikiuguza ndugu katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, niliona jambo ambalo wengi mliokaa wodini mtalitambua. Ni saa saba mchana, mlinzi amefungua geti, ndugu wameingia na mahotipoti na chupa za uji. Mama mmoja aliyepooza upande wa kulia amelala chali, kwenye kitanda ambacho mkono wake wa kunyanyulia ulishakatika. Binti yake anajua muda ni mfupi. Anamfunika mama kanga kifuani, anamimina uji kikombeni na kuanza kumnywesha kwa kijiko, kijiko cha pili kikiingia kabla cha kwanza hakijamezwa. Mama anapaliwa. Anakohoa kikohozi chepesi, macho yanalengwa na machozi, na sauti yake akijaribu kusema inatoka kama iliyojaa maji. Binti anampangusa midomo, anamwambia "kunywa mama upate nguvu", anaendelea, kwa sababu muda ukiisha atatolewa nje na mama hatakula tena hadi jioni. Hakuna mtu aliyekuwa amempima mama yule kama anaweza kumeza. Hakuna aliyemwonyesha binti kwamba angekunja blanketi na mito akamkalisha kwanza, ampe kidogo, asubiri koo lipande na kushuka, na amwache amekaa kwa muda baada ya kula. Upendo wote ulikuwapo, na uji ulikuwa unaingia mapafuni.

Je, kubadili mambo hayo kunasaidia kweli, au ni usafi wa kupendeza tu? Huko Japani watafiti waliwafuatilia wazee 417 katika nyumba 11 za kulelea wazee kwa miaka miwili. Kundi moja wahudumu waliwasafisha meno baada ya kila mlo, jingine waliendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: nimonia iliwapata asilimia 19 ya wasiosafishwa na asilimia 11 ya waliosafishwa, na vifo vya nimonia vilipungua pia. Uchambuzi wa karibuni zaidi, uliojumlisha majaribio 15 ya hospitalini, ulikuta kwamba kupiga mswaki kila siku kulipunguza nimonia inayopatikana hospitali kwa takriban theluthi moja. Niseme wazi kwamba ushahidi huo una nguvu zaidi kwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia kuliko kwa wale wa wodi za kawaida. Hata hivyo, hospitali za maveterani wa Marekani, kuanzia ile ya Salem, Virginia, zimeufanya mswaki kuwa sehemu ya uuguzi wa kila siku kwa wagonjwa wa wodi za kawaida, na zikaripoti kushuka kwa nimonia.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la Australia. Katika vitengo 19 vya kiharusi jimboni New South Wales, wauguzi walipewa utaratibu wa mambo matatu kwa siku za mwanzo: kudhibiti homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza kabla ya kumpa mgonjwa chochote mdomoni. Hapakuwa na dawa mpya. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 mahali palipotumika utaratibu huo, dhidi ya asilimia 58 kwingine. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2011. Ukiniuliza ni teknolojia gani ya kigeni tunaihitaji haraka kwa wazee wetu, nitakujibu ni ile: muuguzi, kikombe cha maji, kijiko, na ruhusa ya kusema "huyu asile kwanza".

Wapo wanaosema nimepuuza jibu lililo wazi, yaani chanjo. Sipuuzi. Chanjo dhidi ya nimokokasi, bakteria anayeongoza kwa vifo vya nimonia, ina historia ndefu ndani ya Afrika yenyewe: katika miaka ya 1970 ilijaribiwa kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, watu waliokuwa wakifa kwa nimonia kwenye mabweni ya migodi, na majaribio hayo yalisaidia kufungua njia ya chanjo ambazo wazee wa nchi tajiri wanapata leo. Uholanzi iliijaribu chanjo ya kizazi kipya kwa wazee wapatao 85,000 wa miaka 65 na kuendelea, na kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2015 ilizuia karibu nusu ya nimonia zinazosababishwa na aina za bakteria zilizomo ndani ya chanjo, na robo tatu ya maambukizi ya aina hizo yanayoingia kwenye damu. Oktoba 2024 Marekani ilishusha umri wa kuipata kutoka miaka 65 hadi 50. Mzee wa Tanzania hana chanjo hiyo kwenye ratiba ya taifa. Jambo hilo linaudhi, na wanaolipigia kelele wana haki.

Lakini kuna mawili ya kupima. La kwanza, mzee wetu tayari anakingwa na chanjo asiyoipata. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nimokokasi mwaka 2011, na ufuatiliaji wa Kilifi ulioripotiwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na yakashuka pia kwa watu wazima ambao hawakuwahi kuchanjwa. Bibi anayelala chumba kimoja na wajukuu waliochanjwa ana nafasi ndogo zaidi ya kuwapumua bakteria wale. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mtazamo wake kuhusu chanjo hii kwa wazee mwaka 2021, lilisisitiza kwamba programu za watoto zipewe kipaumbele. Kwa bajeti ya sasa ningeanza na wazee walio hatarini zaidi, wenye kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, mapafu yaliyoharibiwa na sigara au TB ya zamani, na wanaoishi na VVU, ambao kundi lao la uzeeni linazidi kukua. La pili ndilo zito: hakuna chanjo inayozuia uji kuingia mapafuni. Mama yule wa wodini angeweza kuwa na chanjo zote za dunia na bado akapata nimonia ile.

Wengine watasema jibu ni vyumba vya wagonjwa mahututi, yaani ICU. Baada ya UVIKO-19 tulipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikaenda kwenye ICU, magari ya wagonjwa na oksijeni. Sina ugomvi na majengo hayo. Ila utafiti mkubwa wa Afrika uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22, ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa wodi za kawaida. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na upungufu mkali wa hewa hawakuwa wamewekewa oksijeni. Kwa maneno mengine, mzee wetu mahututi hayupo kwenye chumba chenye mashine zinazolia. Yupo kitanda cha kumi na nne, karibu na dirisha, na huenda hakuna aliyegundua kwamba ni mahututi, kwa sababu kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kipo kimoja na kimefungiwa ofisini kwa sista. Kwa hiyo kabla ya kitanda kingine cha ICU ningetaka kipimo kile kipite kwa kila mzee asubuhi na jioni, na bomba la oksijeni lifike kitandani badala ya kuishia kwenye mtambo ulio nyuma ya jengo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wauguzi wenyewe. Nani atafanya yote haya? Usiku muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima: sindano, dripu, mgonjwa anayetapika, maiti ya kuandaliwa, ndugu wanaogonga mlango. Ukimletea orodha ya midomo ya kusafisha atakutazama tu, na yuko sahihi. Sina jibu la kulifuta pingamizi hilo, kwa sababu ni la kweli. Ninachosema ni kwamba hapo ndipo fedha ya bima ingepaswa kuonekana kwanza, katika idadi ya wauguzi na wahudumu wa afya wodini, na kwamba kuna sehemu ya kazi hii ambayo tayari inafanywa na ndugu, ila inafanywa kwa kubahatisha. Hospitali zetu zinamchukulia ndugu kama mgeni wa kufukuzwa muda ukiisha, huku zikimtegemea kumlisha, kumwogesha na kumgeuza mgonjwa. Mruhusu ndugu mmoja wa mzee asiyejiweza akae. Mfundishe siku ya kwanza, kwa vitendo, namna ya kukalisha, kulisha na kusafisha kinywa, na dalili zipi akimbilie kumwita muuguzi. Hapa kuna tahadhari moja ninayoisema kwa moyo wote: ndugu huyo karibu daima ni mwanamke, aliyefunga genge lake au kuacha shamba msimu wa palizi. Tukimkabidhi kazi ya hospitali bila kumjali, tutakuwa tumehamisha gharama ya uuguzi kutoka kwenye bajeti ya serikali kwenda mgongoni kwake.

Kuna hoja moja dhaifu, nayo husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na watu wema: mzee amekula chumvi nyingi, siku zake zimefika, tusihangaike. Kuna mzee mwenye saratani iliyosambaa ambaye yeye na familia wameamua kwamba sasa inatosha, apate dawa ya maumivu na alale kwake. Uamuzi huo ni wa heshima na daktari anapaswa kuukaribisha. Lakini umefikiwa kwa mazungumzo. Mzee wa miaka 72 aliyeingia hospitali kwa kuvunjika nyonga, ambaye wiki iliyopita alikuwa akilea wajukuu watatu na kupalilia mihogo, hakuamua chochote. Amepata ugonjwa unaotibika kwa sababu alilazwa chali siku sita na meno yake hayakuguswa. Kumpa jina la uzee ni kuufunika uzembe kwa maneno ya adabu. Tena hata kukaa kwake kitandani hakukuwa lazima kuwe hivyo: jaribio la Marekani la mwaka 2003 kwa waliolazwa na nimonia lilionyesha kwamba kuwatoa kitandani angalau dakika 20 ndani ya saa 24 za kwanza, na kuendelea kuwazidishia mwendo, kulipunguza siku za kulazwa kwa takriban siku moja. Siku moja ya kitanda ni fedha ambayo mfuko wa bima unaielewa vizuri.

Na hapo ndipo turudi kwenye bima. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama na nchi ikatikisika. Ugomvi ulikuwa wa bei: ada ya kumwona daktari, bei za dawa, bei za vipimo. Sikusikia upande wowote ukiuliza kama kitita kinalipia mgonjwa kupimwa kumeza, au kama hospitali yenye muuguzi mmoja usiku inastahili malipo sawa ya kitanda na yenye wauguzi wanne. Mfuko unaolipia kila kitu kimoja kimoja hufundisha hospitali kufanya vile vinavyolipiwa. Sindano ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ina bei, kwa hiyo itachomwa, wakati mwingine hata kwa asiyeihitaji, na usugu wa dawa unakua. Kumkalisha mzee hakuna bei, kwa hiyo kunasubiri mtu mwenye huruma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee kutibiwa bure asipoweza kulipa, na mabango ya kumpisha mzee apate huduma kwanza yamempa dirisha lake. Dirisha linaishia mapokezi.

Kanuni na mikataba ya bima mpya inaweza kubadili hali hii bila kusubiri fedha za ajabu. Hospitali inayotaka kulipwa kwa kuwalaza wazee ioneshe kwanza kwamba vitanda vyake vinanyanyuka, kwamba ina mtu wa kupima kumeza kwa kila mgonjwa wa kiharusi kabla ya mlo wa kwanza, kwamba kipimo cha oksijeni kipo wodini na kinatumika. Malipo ya siku ya kitanda yapande pale uuguzi ulipo wa kutosha na yashuke usipokuwapo. Halafu mfuko uombe namba moja ambayo kwa sasa haiulizwi: wazee wangapi waliingia bila nimonia na wakaipata baada ya saa 48 za kulazwa. Leo mzee huyo akifariki, cheti kinaweza kuandikwa kiharusi, au kuvunjika nyonga, na nimonia iliyomuua ikapotea kwenye hesabu. Rejista ya wodi inahitaji safu moja zaidi, kalamu, na mganga mfawidhi anayejua kwamba mwisho wa mwezi mlipaji ataiuliza.